Namna ya Kuwa Mtaalamu wa Altrasaundi Uganda: Kazi Yenyewe, Ujuzi Unaotakiwa na Njia ya Kupanda Cheo

Katika vituo vingi vya afya vya Uganda, mtu anayeshika probu (kifaa kinachopitishwa juu ya mwili wa mgonjwa) ndiye huyohuyo anayeandika na kutia saini ripoti itakayomfikia daktari au mkunga. Marekani mambo hayaendi hivyo: huko mtaalamu wa altrasaundi hukusanya picha na vipimo, kisha daktari wa radiolojia huzisoma na kutoa hitimisho. Kwetu madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache, na wengi wao wako Kampala, kwa hiyo mama anayetokwa na damu kule Kisoro au Moroto anaweza kupelekwa chumba cha upasuaji, au kurudishwa nyumbani, kwa kutegemea mistari michache uliyoiandika wewe. Yeyote anayefikiria kuingia katika fani hii aanze kwa kuupima uzito huo, maana ndio unaoamua asome wapi, kwa muda gani, na ajifunze nini kwa bidii zaidi.

Kazi yenyewe ni ipi

Ndani ya probu mna fuwele zinazotikisika zinapopitishiwa umeme. Hutuma mawimbi ya sauti mwilini, na mwangwi unaorudi hugeuzwa kuwa picha kwenye skrini. Mashine hukadiria umbali kwa kuchukulia kwamba sauti hupita katika nyama za mwili kwa kasi ya mita 1,540 kwa sekunde. Hewa huyazuia mawimbi hayo, ndiyo sababu jeli hupakwa ngozini, na ndiyo sababu utumbo uliojaa gesi huificha kongosho. Probu ya tumbo, yenye uso uliopinda, kwa kawaida hufanya kazi kati ya megahezi 2 na 5, kwa kuwa mawimbi ya masafa ya chini hufika ndani zaidi mwilini. Ile bapa ya tezi ya shingo, matiti na mishipa ya damu huanzia karibu megahezi 5 kwenda juu, ikitoa picha kali zaidi ya vitu vilivyo karibu na ngozi. Kipimo hiki hakitumii mionzi kama eksirei, lakini kina nishati, na nishati hiyo huweza kupasha joto. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mapigo ya moyo wa kijusi hupimwa kwa njia ya M (inayochora mwendo wa moyo kwenye mstari mmoja) na si kwa Dopla (inayopima mwendo wa damu na hutumia nishati zaidi), na probu haikawizwi mahali pamoja bila sababu.

Wengi wa wagonjwa wako watakuwa akina mama wajawazito. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ujulikane vizuri, mapacha wagundulike na kasoro zionekane mapema. Hapo kwenye umri wa mimba ndipo ninapotaka mwanafunzi atulie, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofanyika bila mtu kuyatambua. Mama wengi hawakumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho. Ukimpima kabla ya wiki ya 14, urefu wa kijusi kutoka utosini hadi kitakoni utakupa umri wa mimba kwa tofauti ya siku 5 hadi 7 tu. Baadaye hutumia upana na mzunguko wa kichwa, mzunguko wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, na kadiri mimba inavyokua ndivyo makisio yanavyolegea, hadi katika miezi mitatu ya mwisho tofauti huweza kufika wiki 3. Kwa hiyo tarehe ya kujifungua iliyowekwa na kipimo cha mapema haibadilishwi na kipimo cha baadaye. Mama akija kwako katika wiki ya 34 na mashine ikatoa tarehe mpya, usiinakili tu kwenye ripoti. Mwombe kadi yake, itafute tarehe ya kwanza, kisha uandike jinsi mtoto anavyokua ukilinganisha na tarehe hiyo. Mtoto aliyedumaa tumboni huonekana mzima kabisa pale mtu anapompunguzia umri wa mimba.

Kondo la nyuma nalo linataka subira. Mama huja amekunywa maji mengi kama alivyoelekezwa, na kibofu kilichojaa sana huibana sehemu ya chini ya mji wa mimba hata kuta zake zikagusana, na kondo lililo mahali pake likaonekana limefunika mlango. Mwambie aende akapunguze mkojo, kisha uangalie upya. Ikiwa ukingo wa kondo bado uko chini ya milimita 20 kutoka mlango wa ndani wa shingo ya kizazi, andika umbali huo kwa tarakimu, eleza kama lipo mbele au nyuma, na umuulize mama kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji. Kondo lililo chini, mbele, juu ya kovu la zamani, huweza kuwa limeshikana na nyama za kizazi, na mama wa namna hiyo anapaswa kujifungulia katika hospitali yenye damu ya kuongezea na madaktari wa upasuaji walio tayari. Ripoti inayosema tu kwamba kondo liko chini haimwambii mkunga lolote kati ya hayo.

Nje ya uzazi kazi ni pana. Utapima ini, kifuko cha nyongo, figo, bandama, tezi dume, tezi ya shingo, matiti, na mishipa ya mguu uliovimba ghafla. Majeruhi wa ajali ya bodaboda huletwa bila maelezo, na hapo una dakika chache za kutafuta damu katika sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya bandama na figo ya kushoto, ndani ya nyonga, na kuuzunguka moyo. Mahali unapofanyia kazi nako kunakuelekeza cha kutarajia. Kwa watu wa mwambao wa Ziwa Albert na Ziwa Viktoria, angalia kama kuta za mshipa mkuu wa ini zimenenepa kwa sababu ya kichocho. Karamoja, ambako watu huishi karibu sana na mifugo na mbwa, uvimbe wenye maji ndani ya ini huweza kuwa wa minyoo ya mbwa, na haudungwi sindano ovyo. Uvimbe mkubwa wa tumbo kwa mtoto mdogo ukukumbushe saratani aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ambayo hukua kwa kasi na hutibika ikiwahiwa.

Maandalizi yaelezwe siku ya kupanga kipimo. Wa kifuko cha nyongo akae bila kula kwa saa 6 hadi 8. Wa nyonga anywe karibu lita moja ya maji saa moja kabla. Ni vibaya kumrudisha mzee aliyelipa nauli kutoka kijijini kwa sababu tu hakuna aliyemwambia asinywe chai.

Ujuzi wa mkono, wa jicho na wa ulimi

Anatomia na fizikia husomwa darasani, lakini mkono hufunzwa na wagonjwa wengi chini ya jicho la mwalimu. Mkono hujifunza kuegemea, kugeuza na kutelezesha probu kidogokidogo hadi ukingo wa kiungo ujitokeze, na kila kiungo hupimwa katika pande mbili kabla ya neno lolote kuandikwa. Zoea kufuata mpangilio uleule kwa kila mgonjwa, hata yule aliyekuja kwa jambo dogo, kwa kuwa macho huwa na tabia ya kusimama penye kasoro ya kwanza na kuisahau ya pili.

Ulimi una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II utawapokea akina mama kutoka Kongo ambao Kiswahili ndicho lugha mnayoweza kukutania, na vivyo hivyo mipakani Busia, Malaba na Mutukula. Sema taratibu na kwa heshima: “Mama, nitakupaka jeli, ni baridi kidogo.” “Mzee, vuta pumzi, izuie hapohapo. Haya, pumua sasa.” Kipimo cha kupitia ukeni huelezwa kabla mgonjwa hajavua nguo, hufanywa kwa ridhaa yake, pazia likiwa limefungwa na muuguzi akiwepo. Probu huvikwa kondomu mpya, kisha husafishwa kwa dawa iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa mashine.

Lipo jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alishike asiliache. Usitangaze kifo cha mimba kwa haraka. Kwa kipimo cha ukeni, kijusi chenye urefu wa milimita 7 au zaidi kisicho na mapigo ya moyo, au mfuko wa mimba wenye wastani wa milimita 25 au zaidi usio na kijusi, ndivyo vigezo vinavyokubalika. Chini ya hapo, mimba huenda ni changa tu, na jibu sahihi ni kurudia kipimo baada ya siku 7 hadi 14, kutegemea ulichokiona. Hata vigezo vikitimia, mwite mwenzako naye aangalie. Kinyume chake, mwanamke mwenye maumivu ya tumbo na kipimo cha mimba kilichoonyesha ndiyo, ambaye mji wake wa mimba ni mtupu na kuna maji nyuma yake, hasubiri foleni ya ripoti: mpigie daktari simu mgonjwa akiwa bado kitandani, kwa maana mimba iliyotunga nje ya kizazi huua kwa saa chache.

Picha za wagonjwa ni siri yao. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihusu pia, kwa hiyo ukitaka ushauri wa mwenzako kwa WhatsApp, ondoa jina na namba kabla ya kutuma.

Masomo na usajili

Msingi hujengwa tangu sekondari: fizikia, baiolojia na kemia hadi mtihani wa UACE, ule wa kumaliza sekondari ya juu. Baada ya hapo njia zinagawanyika. Wapo wanaosoma stashahada ya radiografia au upigaji picha za tiba katika vyuo vya afya shirikishi, na wapo wanaokwenda Chuo Kikuu cha Makerere kwa shahada ya radiografia ya tiba, ambamo altrasaundi ni sehemu ya masomo. Taasisi ya Ernest Cook, iliyoko Hospitali ya Mengo, Kampala, imejikita katika altrasaundi yenyewe. Wakunga na maafisa tabibu nao huongeza mafunzo ya altrasaundi juu ya taaluma zao, na hilo ni jema mradi wabaki ndani ya mipaka ya walichofundishwa.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kozi imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu au mamlaka inayohusika na ngazi yake, na kwamba cheti chake kinakubaliwa na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi. Kisha uliza maswali yanayowakera wenye vyuo: wanafunzi wangapi hutumia mashine moja, nani husimamia kila kipimo, na je, ripoti za mwanafunzi husahihishwa na kulinganishwa na kilichokutwa kwenye upasuaji? Kozi ya wiki chache inayoahidi kukufanya mtaalamu kamili iache ipite. Ukihitimu, jisajili kwenye Baraza hilo, upate leseni ya kufanya kazi ambayo hufanywa upya kila mwaka, na uhifadhi ushahidi wa mafunzo endelevu.

Kupanda cheo

Ajira katika wilaya hupitia tume ya utumishi ya wilaya. Za hospitali za rufaa za mikoa na za taifa hupitia Tume ya Huduma za Afya. Ushauri wangu ni kuanza katika hospitali yenye shughuli nyingi na mkubwa wa kumwuliza, hata kama kliniki binafsi ya mjini inatoa mshahara mzuri zaidi, kwa sababu miaka ya kwanza ukiwa peke yako huzoesha mkono makosa ambayo hakuna wa kuyaona. Baadaye unaweza kubobea katika moyo, mishipa ya damu, au misuli na viungo, kufundisha, kusimamia idara, au kufanya kazi na kampuni zinazouza mashine. Anayetamani Marekani ajue kwamba waajiri wengi huko hutaka mitihani ya ARDMS, chombo cha huko kinachothibitisha wataalamu wa altrasaundi, ukiwamo wa fizikia ya altrasaundi.

Linda bega lako mapema. Maumivu ya bega na kifundo cha mkono huwasumbua sana watu wa kazi hii. Inua kitanda, msogeze mgonjwa karibu, usinyooshe mkono mbali na mwili, wala usibane probu kwa nguvu.

Wengine hatimaye hufungua kituo chao. Kituo kina leseni yake, mbali na ile yako binafsi. Ukinunua mashine iliyotumika, washa probu bila kumgusa mtu, paka jeli kidogo, kisha pitisha ukingo wa kibanio cha karatasi taratibu juu ya uso wake wote. Mistari angavu inapaswa kufuata kila mahali kibanio kinapopita. Ikikatika, fuwele za hapo zimekufa, na probu mpya huenda ikakugharimu kiasi cha kuifuta faida yote ya bei nafuu. Muulize muuzaji ni nani mjini Kampala anayeitengeneza na vipuri vyake vinatoka wapi, na ununue pamoja nayo betri ya akiba itakayokuwezesha kumaliza kipimo na kuhifadhi picha umeme unapokatika.