Kupima mruko wa miale ya kosmiki Jua linapolipuka: mfano wa 11 Mei 2024

Swali ni hili: je, athari ya protoni za Jua ilifika hadi ardhini, na ilipandisha hesabu za nyutroni kwa asilimia ngapi? Unahitaji data ya dakika 5 ya monita za nyutroni, yaani vyombo vya ardhini vinavyohesabu nyutroni zinazozaliwa miale ya kosmiki inapogonga hewa (hifadhidata ya NMDB inayo), na programu yoyote ya majedwali. Tutatumia tukio la 11 Mei 2024, liitwalo GLE 74 (GLE ni mruko wa hesabu unaoonekana hadi ardhini), kwa sababu lina mtego.

1. Chagua vituo. Uga sumaku wa Dunia huzuia protoni dhaifu karibu na ikweta, basi anza na vituo vya nchi za ncha, kama Oulu, Finland, ambako kizingiti (kiwango ambacho chembe zilizo chini yake huzuiwa na uga huo) ni takribani gigavolti 0.8. Ongeza Tsumeb, Namibia, penye takribani 9, upate cha kulinganisha. Saa zote ziwe za UTC.

2. Ondoa athari ya mgandamizo wa hewa. Hewa nzito hula nyutroni: hektopaskali 10 zaidi hushusha hesabu kwa karibu 7%. Zidisha hesabu kwa e^(0.007 × (P − P₀)), P ikiwa mgandamizo wa wakati huo na P₀ mgandamizo wa kawaida wa kituo, zote kwa hektopaskali. Ukikosea alama ya kutoa, grafu itafuata barometa badala ya Jua. Data iliyokwisha kusahihishwa usiisahihishe tena.

3. Weka msingi, yaani hesabu ya kawaida utakayolinganisha nayo. Mtego uko hapa. Kwa kawaida msingi ni wastani wa saa moja au mbili kabla ya mruko. Lakini tangu 10 Mei mawingu ya plazma kutoka kwenye Jua yalikuwa yameisukuma pembeni miale ya galaksi, na hesabu zikaporomoka vituoni. Ndilo anguko la Forbush. Mlipuko wa Jua wa daraja X5.8 (X ni daraja la milipuko mikali zaidi) ulifikia kilele saa 01:23 UTC tarehe 11, anguko likiwa bado linaendelea. Ukichukua msingi wa tarehe 9, mruko wote utazama chini ya sifuri na utaapa kwamba hakuna kilichotokea. Chukua 00:30 hadi 01:30. Hesabu zikiwa bado zinapanda au kushuka katika saa hiyo, chora mstari mnyoofu kupitia nukta zake na uurefushe mbele. Wastani pekee utakudanganya.

4. Piga asilimia: (N − msingi) ÷ msingi × 100, N ikiwa hesabu ya kila nukta.

5. Pima kelele, yaani kupandashuka kwa bahati tu kwa hesabu. NMDB hutoa hesabu kwa sekunde. Oulu ni kama 100, na wengi huchukua kipeuo cha pili cha 100, wakapata kelele ya 10%. Kosa! Kipeuo huchukuliwa kwenye jumla: dakika 5 ni hesabu 30,000, kipeuo chake ni 173, yaani karibu 0.6%. Kelele halisi huzidi hapo kidogo, maana chembe moja ikigonga metali ya risasi iliyo ndani ya monita huzaa nyutroni kadhaa. Kwa hiyo pima mtawanyiko wa nukta za msingi wenyewe, kisha ukubali mruko ukizidi mara tatu ya mtawanyiko huo, karibu 2%.

6. Thibitisha. Vipande viwili vya ushahidi vinahitajika: vituo visivyopungua viwili, kimoja kikiwa karibu na usawa wa bahari, na protoni zilizopanda wakati huohuo kwenye setilaiti kama GOES. Nukta moja iliyochomoza kituo kimoja tu kwa kawaida ni hitilafu ya umeme ya chombo. Vituo kutofautiana sana si hitilafu: tarehe 20 Januari 2005 Ncha ya Kusini ilipanda kwa maelfu ya asilimia, Oulu kwa mamia, kwani protoni za mwanzo huja kutoka upande mmoja. Na dhoruba ya sumaku, kama ile ya Mei 2024, hushusha vizingiti. Kituo cha latitudo za kati kinaweza kupanda bila protoni hata moja ya Jua.