Kujenga mfano wa Maskani ya jangwani kwa kikundi

Maskani ni hema la ibada la Waisraeli walipokuwa jangwani. Tumieni kipimo cha dhiraa 1 (kipimo cha kale cha urefu wa mkono) kwa sentimita 2. Hapo kila ubao utakuwa na urefu wa sentimita 20 na upana wa 3. Kateni mbao 48: kusini 20, kaskazini 20, magharibi 8.

Anzeni na vitako (misingi midogo inayoshikilia mbao), viwili chini ya kila ubao, jumla 96. Ukisimamisha mbao kwanza, ukuta mzima utayumba. Katika kitabu cha Kutoka cha Biblia, fedha ya vitako ilitokana na nusu shekeli (uzito wa kale wa fedha) ya kila mwanamume aliyehesabiwa, tajiri na maskini sawasawa. Basi kazi hii ya msingi ifanywe na kila mmoja wenu.

Wengi hukosea magharibi. Mbao 8 zina upana wa dhiraa 12, lakini ndani panatakiwa 10. Mbao mbili za pembeni zifunike unene wa kuta za kando. Kisha pitisheni mataruma (fito za kuunganisha mbao) matano kila upande.

Pazia la kitani (dhiraa 28) haligusi chini. La manyoya ya mbuzi (30) hushuka zaidi, dhiraa moja kila upande. Msilikate.