Pa kula Kisumu: muulize anayeuza nyanya

Ukiwa Kisumu kwa siku moja, usiulize "hoteli nzuri iko wapi?" Utaelekezwa kwenye bei ya wageni. Nunua kitu kidogo soko la Jubilee au Kibuye, hata nyanya za hamsini, kisha umuulize muuzaji: "Mama, wewe leo utakula wapi?" Yeye hula kwa pesa yake karibu kila siku, kwa hivyo kibanda kinachopunja au kupika omena (dagaa) yenye mchanga alishakihama. Fika kabla ya saa nane; baadaye samaki wameisha, imebaki sukuma wiki. Jumapili maduka mengi ya katikati ya mji hufungwa, basi nenda Kibuye, ndiyo siku yake kubwa. Muuzaji akikuonyesha mkebe wa chakula aliotoka nao nyumbani, muulize jirani yake.