Poda ya chini ya macho ijaribu kwa flashi kabla hujatoka

Kwa mnaojiandaa na sendofu au harusi ya usiku: ukimaliza kujipamba macho, zima taa, shika simu, jipige picha moja kwa flashi. Angalia chini ya macho. Ile poda nyeupe laini ya kukaushia konsila (krimu ya kuficha weusi wa chini ya macho), hasa yenye madini ya silika (silica), kwenye kioo huioni kabisa, ila mwanga wa flashi ukiipiga hurudi moja kwa moja kwenye kamera, ndipo unatoka na mabaka meupe kama umepakwa unga. Kwa sisi weusi ndiyo balaa zaidi. Ukiyaona, pangusa ziada kwa brashi kavu, kisha gusisha poda ya rangi ya ngozi yako, kidogo tu. Wanja usiupunguze, tena ukoleze kwenye mashina ya kope za juu, maana flashi hufifisha mstari mwembamba. Kichujio cha urembo kwenye simu kizime kwanza, la sivyo kitakuficha hayo mabaka. Kwa picha za mchana juani jaribio hili halisaidii: kule kinachoharibu macho ni kivuli cha paji la uso, na dawa yake ni kusogea penye kivuli cha mti au ukuta.