Kabla Hujaingia Mji wa Kale wa Firenze

Ndugu na marafiki wengi wanaokuja Firenze, mji wa Italia uitwao pia Florence, huwa wamekariri majina ya michoro na sanamu watakazoziona. Waulize watafikaje kwenye mlango wa nyumba waliyopanga, watakuonyesha ramani ya simu. Mimi naishi Prato, mji jirani, na wakipotea ndiye ninayepigiwa. Kwa hiyo soma haya kabla hujalipia chochote, maana mengi hayarekebishiki ukishafika.

Anza na hati. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Mkazi wa nchi nyingine ya Schengen, kama Ujerumani, aje na pasipoti pamoja na kibali chake cha ukaazi. Mwenye makazi Uingereza asidhani kibali cha huko kinamtosha. Naye aombe viza. Tembea na hati zako, usiziache sandukuni, kwa sababu polisi ana haki ya kukuomba mtaani, na sisi weusi tunalijua hilo kwa kuishi. Ukilala hotelini, hoteli ndiyo inayokuandikisha. Ukilala kwa ndugu na wewe si raia wa Umoja wa Ulaya, mwenyeji wako anatakiwa kutoa taarifa polisi kwa maandishi ndani ya saa 48. Wenyeji wengi hawalijui, na wageni huona haya kuuliza. Muulize shangazi yako kwa adabu, lakini muulize.

Tiketi za huku zinatumia saa 24 na hesabu ya Kizungu. Ikiandikwa 15:00 ni saa tisa alasiri. Waeleze wazee mapema, wasije wakajipanga kwa saa nyingine.

Viatu viwe vya kutembelea, vyenye soli nene, kwa sababu mitaa imetandikwa mawe. Begi la magurudumu madogo litakutesa.

Kanga au mtandio ukae mkobani. Makanisa yanataka mabega na magoti yafunikwe, na hilo linawahusu wanaume wenye kaptura pia.

Makumbusho ya Uffizi, na Accademia ilipo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa Jumatatu. Weka nafasi mapema kwenye tovuti zao rasmi, kwa sababu zipo tovuti nyingi za walanguzi zinazofanana nazo na zinauza kwa bei ya juu. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na foleni yake uijue. Ukikosa nafasi Accademia, nakala ya Daudi imesimama kwenye uwanja wa Piazza della Signoria tangu 1910, pale alipokaa yule halisi hadi alipohamishwa mwaka 1873. Humlipi mtu kuitazama.

Kuhusu kuba la kanisa kuu, lile alilolijenga Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, sikiliza vizuri. Kulipanda ni ngazi 463, hakuna lifti, na tiketi ina saa yake. Kuba lina magamba mawili, moja ndani ya lingine, na ngazi zinapita katikati yake. Njia ni nyembamba, dari liko chini, na wenzako wamekufuata nyuma, hivyo kughairi ukiwa katikati ni shida kwa wote. Mwenye pumu, mwenye moyo, mama mwenye magoti mabovu, wabaki chini. Wala si kwamba watakosa kila kitu, kwa sababu kuingia ndani ya kanisa lenyewe ni bure.

Na ukiwa na watoto, nakushauri Palazzo Vecchio, jumba la zamani la utawala wa mji, kuliko foleni nyingine yoyote. Katika chumba cha Lorenzo de' Medici, aliyeutawala mji huu zamani, tazama dari: Vasari na wasaidizi wake wamemchora Lorenzo akipokea zawadi, na kati ya zawadi hizo yumo twiga, aliyeletwa mwaka 1487 kutoka kwa Qaitbay, sultani wa Misri. Mtoto aliyechoka na picha za watakatifu huamka papo hapo akimwona mnyama wa kwao.

Chakula nitakisema kwa ufupi. Kahawa ya kunywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ya kuletewa mezani. Kwenye bili ya mgahawa utaona neno coperto; ni malipo ya kukaa mezani, hujaibiwa. Asiyekula nguruwe aulize kila kitu, pamoja na mikate, kwa sababu mingine hutiwa mafuta yake. Anayependa utumbo atafute lampredotto, tumbo la ng'ombe lililochemshwa na kutiwa ndani ya mkate. Huuzwa kwenye vibanda vya mitaani na ni chakula cha asili kabisa cha mji huu, cha watu wa kazi.

Sasa jambo ambalo ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye kila gari la kukodi.

Mwaka 1865 Firenze ilifanywa mji mkuu wa Italia, ikabaki hivyo hadi 1871. Katika kuupanua mji, msanifu majengo Giuseppe Poggi alibomoa kuta za zamani upande wa kaskazini wa mto Arno, na zilipokuwa akapitisha barabara pana ziitwazo viali. Malango machache yaliachwa yamesimama katikati ya magari. Mji wa kale, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, uko ndani ya mzunguko huo na ng'ambo ya pili ya mto, na sehemu kubwa yake ni eneo ambalo gari haliingii bila kibali. Kwenye vibao limeandikwa ZTL. Hakuna geti wala askari. Kuna kibao cha duara jekundu na kamera inayosoma namba za gari, basi. Kibao cha umeme kikiandika "varco attivo", maana yake kamera inafanya kazi na wewe hupiti. Wageni wengi hudhani wanaruhusiwa. Siku za kazi marufuku huanza saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumamosi huishia saa kumi jioni, na majira ya joto huongezwa saa za usiku mwishoni mwa wiki. Hakikisha tena saa hizo karibu na safari yako, kwa kuwa hubadilishwa.

Changanya hilo na namba za nyumba. Firenze mtaa mmoja una namba za aina mbili. Nyumba za kuishi zina namba nyeusi au za bluu. Maduka, mikahawa na karakana zina namba nyekundu, na kwenye anwani huongezwa herufi r. Kila rangi inajihesabu yenyewe, kwa hiyo 58 na 58r zinaweza kuachana mbali sana kwenye mtaa uleule.

Shemeji yangu alikuja kutoka Stuttgart kabla ya korona, yeye na dada yangu, watoto, na mama yake mzazi. Walishuka kwa ndege Bologna, wakakodi gari kwa sababu mama hawezi kutembea sana. Ni uamuzi wa mtoto mwenye upendo, wala simlaumu. Nyumba waliyopanga ilikuwa Oltrarno, ng'ambo ya mto. Mwenye nyumba alituma namba tupu, na simu ikawapeleka kwenye namba ileile nyekundu: duka la fremu za picha, limefungwa. Mitaa ya huko ni myembamba na mingi ni ya njia moja, na ukiupita mlango wako hurudi nyuma, unazunguka. Wakatoka hadi barabara kuu, wakaingia tena. Wakakosa, wakazunguka tena. Mama amechoka, mtoto anataka choo. Hakuna aliyewasimamisha. Kesho yake asubuhi wakatoka na gari kumpeleka mama Piazzale Michelangelo auone mji kutoka juu, wakarudi mchana kupitia njia ileile. Jioni tukala pamoja, na mama akasema hajawahi kuona mji mzuri kama huo.

Baridi ilipoanza, kwenye kadi ya benki ya shemeji yakaanza kukatwa makato ya kampuni iliyomkodisha gari, moja baada ya jingine. Hayo hayakuwa faini bado. Kampuni ilikuwa inamtoza kwa kazi ya kupeleka jina lake kwa wanaotoza faini, na mkataba aliousaini unaruhusu. Yeye akadhani ameibiwa, akaifunga kadi. Kisha zikaja barua rasmi za faini kutoka Italia, moja kwa kila mara walipopita kwenye kamera, kila moja na saa yake na namba ileile ya gari. Lakini walikuwa wamehama nyumba, barua zikaenda anwani ya zamani na kukaa huko. Anayelipa ndani ya siku tano tangu kupokea hupunguziwa asilimia 30. Anayepitisha siku 60 bila kulipa wala kukata rufaa huongezewa. Walipozipata, muda wote ulikuwa umepita. Dada yangu alinipigia analia, kwa sababu hela waliyoitenga ili mama awapeleke wajukuu Moshi Krismasi ilikuwa ndiyo hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukija na gari kwa barabara ya A1, liache kwenye maegesho ya Villa Costanza, ambayo unayaingia moja kwa moja kutoka barabara hiyo, kisha upande tramu T1 hadi stesheni ya Santa Maria Novella. Ukija na ndege hadi uwanja wa Firenze, tramu T2 inakufikisha mjini. Mwenye mama asiyeweza kutembea achukue teksi stesheni, maana teksi zina ruhusa ya kuingia na zitamshusha mlangoni. Kama ni lazima uingie na gari ili kushusha mizigo, hoteli inaweza kusajili namba za gari lako, lakini dai jibu la maandishi kwamba imezisajili, kwa tarehe ipi na saa ngapi. Neno la "ingia tu, usijali" kwa simu halitakusaidia barua ikifika. Mwenye nyumba za kupangisha kwa siku asiyeielewa ZTL, usimsikilize. Na muulize rangi ya namba ya mlango wake kabla hujaondoka kwako.

Barua ikishakuja, usiitupe. Kwa mkazi wa nje ya Italia wanaweza kuituma ndani ya siku 360, kwa hiyo ukimya wa miezi sita hauna maana umesalimika. Faini ya chini ni zaidi ya euro 80, na gharama za kuituma zinaongezwa juu yake. Ukihama nyumba mwaka huo, acha anwani mpya. Na leseni ya nyumbani, kama si ya Ulaya, iambatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha au tafsiri rasmi.

Mengineyo. Ukija kwa treni, stesheni yako ni Santa Maria Novella. Rifredi na Campo di Marte nazo ni za Firenze, na watu hushuka huko kwa haraka wakabaki wanashangaa. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Mkoba uwe mbele yako kwenye tramu na kwenye msongamano wa daraja la Ponte Vecchio. Pochi au miwani yenye jina kubwa inayouzwa chini barabarani usinunue, hata kwa kumwonea huruma muuzaji ambaye mara nyingi ni Mwafrika mwenzetu: mnunuzi wa bidhaa bandia anaweza kutozwa hadi euro 7,000. Ukitaka kumsaidia, mnunulie chakula au chukua kwake kitu kisicho na jina la mtu.

Julai na Agosti joto la bonde hili ni kali, na karibu na tarehe 15 Agosti maduka mengi ya wenyeji hufungwa. Tarehe 24 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Yohane, msimamizi wa mji, na usiku kuna fataki. Ukiwa na watoto, jueni mapema mtarudi kwa njia ipi. Beba chupa tupu, maji ya bomba za umma yananyweka. Dawa za wazee zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, simu iwe na chaji, na kila mtu awe na anwani iliyoandikwa, hata mtoto. Dharura yoyote, namba ni 112.