Chubwi ifungwe kwa uzi dhaifu

Kama unavua ukiwa ufukweni kwenye miamba, usifunge chubwi (kile kipande cha risasi kinachozamisha ndoana) kwa mshipi uleule wenye ndoana. Tumia kipande cha nailoni dhaifu zaidi, urefu wa shubiri moja hivi. Chubwi ndiyo hunasa kwenye nyufa mara nyingi. Ikinasa, vuta taratibu: kile kipande kitakatika, nawe utapoteza risasi peke yake. Ndoana, na pengine samaki aliyekwisha kunasa, vitarudi. Binafsi siendi kwenye mwamba bila kufunga hivi.

Lakini tahadhari, na hapa nasisitiza: uzi huo dhaifu usibebe nguvu ya kurusha kwa kishindo. Ukikatika hewani, risasi huruka kama jiwe la kombeo na inaweza kumuua mtu. Kwa hiyo rusha kwa upole, na hakikisha hakuna mtu karibu. Kwenye miamba samaki wengi hula karibu tu, huna haja ya kutupa mbali.

Kwenye mchanga mambo ni tofauti. Huko tupa mbali, ila mwanzo wa mshipi, upande wa chubwi, uwe mnene: kwa kila gramu 28 za risasi, uhimili angalau kilo 4.5. Chubwi ya gramu 140 basi inataka mshipi wa kilo 23 hivi.

Na kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu huungua kwa msuguano.