Kabla ya kununua mtungi wa gesi ya kuchomelea, jua nani atakujazia

Mtungi wangu wa kwanza niliununua kwa muuza vyuma chakavu, Changamwe. Ulikuwa umesimama katikati ya injini za malori, rangi imebabuka, lakini mzima. Mzee mwenye duka akaugonga kwa spana, ukalia kama kengele. "Wasikia, mwanangu? Haujatoboka huu." Nikalipa, nikautia kwenye mkokoteni, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja. Siku ya tatu nikaupeleka kujaza. Kijana wa depo hakuugonga kwa spana wala kwa mkono. Aliinama, akafuta vumbi begani mwa mtungi kwa kidole gumba, akanionyesha herufi zilizogongwa kwenye chuma: jina la kampuni nyingine kabisa. "Huu una mwenyewe, kaka. Sisi hatuwezi kuujaza." Nikaenda kwa mwenye jina. Wakaupokea vizuri, wakanishukuru kwa kuwarudishia mali yao, nikatoka mikono mitupu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza mtungi unauzwa wapi, namwambia tuulizie kwanza unajazwa wapi. Mitungi mingi ya gesi za viwandani huwa haiuzwi hata kidogo. Kampuni hukukodisha chuma na kukuuzia kilichomo ndani. Unaweka dipoziti, unalipa kodi ya mwezi au ya mwaka, na mtungi ukiisha unaurudisha na kupewa mwingine uliojaa. Wapo wanaouza mtungi moja kwa moja, uwe wako, lakini hapo lazima upewe risiti yenye namba ileile iliyogongwa begani. Bila karatasi hiyo, umenunua nguzo ya kufungia mbuzi. Basi piga simu kwa depo mbili au tatu, uulize mambo yako yote kwa mkupuo: dipoziti ni kiasi gani, na inarudishwa? Kodi inahesabika hata miezi ambayo sikuchomelea? Mtungi wangu mwenyewe mtanijazia huohuo au mtanibadilishia? Gesi gani mnajaza hapahapa Mombasa, na gani hungoja lori kutoka Nairobi? Swali hili la mwisho watu hulisahau, kisha kazi ya mteja inalala wiki nzima.

Na je, gesi yenyewe unaihitaji? Geti, grili za dirisha, fremu ya kitanda, hizo mashine ya rodi inazimaliza, na rodi haitaki mtungi wala haiogopi upepo. Mwenye MIG, mashine inayosukuma waya yenyewe badala ya rodi, anaweza kutumia waya wenye dawa ndani yake, ule usiotaka gesi; moshi ni mwingi, ila kazi inashika. Gesi, ambayo kazi yake ni kukinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa, ni ya anayetaka MIG safi. CO2 (kabonidioksidi) tupu ni nafuu na inazama vizuri kwenye chuma kinene, ingawa inarusha cheche sana. Mchanganyiko wa argoni, gesi isiyoungua, asilimia 80 na CO2 asilimia 20 ni mtulivu zaidi, hasa kwenye bati jembamba. TIG, ile ya kuchomelea kwa ncha ya tungsteni, kwa stenlesi na alumini ni argoni tupu, hakuna njia ya mkato. Oksijeni na asetilini, ile gesi inayowaka, ni za fundi wa friji na wa ekzosi, na ukiniuliza mimi, anayeanza nyumbani azikwepe kwanza. Wengine huchukua mtungi wa gesi ya kupikia wakaufunga na oksijeni. Kwa kukata na kupasha moto inafaa, lakini kuunganisha chuma kwa chuma haitoi kiungo cha kutegemewa. Na mtungi huo nao ujazwe na mwenye chapa au aliyeruhusiwa naye, ndivyo kanuni za Kenya zisemavyo tangu 2019. Kumiminiana gesi kutoka mtungi hadi mtungi uwani kwa mtu ni kucheza na roho za majirani.

Ukishafika mbele ya mtungi, rangi isikudanganye, maana imepakwa upya na yeyote mwenye brashi. Soma lebo. Kisha tafuta begani tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa shinikizo, mwezi na mwaka. Ikiwa imepitwa na wakati, depo itaukataa au itakutoza gharama ya kupima. Uinamishe kidogo utazame kitako, kwani hapo ndipo chumvi ya pwani huanza kula. Kutu ya juujuu si neno, lakini yenye mashimo mwachie mwenyewe.

Hesabu ya ukubwa ni nyepesi, ila wengi hawaifanyi. Zidisha lita za mtungi kwa bar, yaani kipimo cha shinikizo, zinazosomwa kwenye geji. Mtungi wa lita 10 wenye argoni ya bar 150 una takriban lita 1,500 za gesi. Ukichomelea kwa lita 10 kwa dakika, hiyo ni saa mbili na nusu za moto unaowaka, kiasi kizuri kwa wa nyumbani. Wa lita 50 ni saa kumi na mbili na nusu, lakini ni mzigo wa kubebwa na watu wawili. Hapa joto letu linaingia kwenye hesabu: bar za mtungi huhesabiwa kwa joto la nyuzi 15 za Selsiasi, na mwezi wa Machi mtungi ukiwa kwenye nyuzi 33 ile bar 150 itasoma karibu 159. Hujaongezewa kitu, ni jua. CO2 ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu imo ndani kama kimiminika. Geji hubaki palepale siku nenda siku rudi, kisha ghafla inaporomoka. CO2 hupimwa kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa begani, toa huo, kinachobaki ndicho ulicholipia. Ipime mbele ya muuzaji, bila aibu.

Nenda depo na regyuleta yako mkononi, kile kifaa cha kupunguza shinikizo kinachofungwa kwenye valvu. Zinazokuja na mashine za bei nafuu aghalabu zina nyuzi za skrubu zisizolingana na valvu utakazopewa. Zisipoingia kwa mkono, usizilazimishe kwa spana, wala usizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba. Kwenye oksijeni usiguse hata tone la grisi au mafuta, pamoja na yale ya mikono iliyotoka kula viazi karai, kwani oksijeni yenye shinikizo huyawasha yenyewe.

Kubeba ndiko kunakoniudhi. Nimeona asetilini imelazwa kwenye tuktuk, abiria wameweka miguu juu. Gesi hiyo imeyeyushwa ndani ya asetoni. Ukilaza mtungi, asetoni husogea kwenye valvu, na ukiuwasha mapema hutoka nayo. Ukilazwa, uache umesimama wima saa kadhaa kabla ya kuutumia, na shinikizo la kwenye mpira lisipite bar 1.5. Kodi pikapu ya wazi, uufunge kamba ukiwa wima, regyuleta imetolewa, kofia ya valvu imefungwa. Hilo ni la kila gesi.

Nyumbani, mahali pake ni uwani, kivulini, juu ya kipande cha ubao ili maji ya mvua yasilale kwenye kitako, na mnyororo ukutani. Oksijeni na gesi inayowaka ziachane angalau mita 3. Kama unapanga, mwambie mwenye nyumba mapema, asije kugundua kwa harufu. Argoni na CO2 hazina harufu hata ya kukuonya, nazo hujaa chini na kufukuza hewa, kwa hiyo chumbani zisilale. Ukifunga regyuleta, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo utazame mapovu. Kiberiti kikae mfukoni. Na upepo wa kusi ukivuma, tundika turubai upande wake, la sivyo gesi yote itapeperushwa na kiungo kitajaa vitundu.

Mimi huandika geji kwa chaki ukutani kila Alhamisi. Ikifika bar 30 napiga simu depo siku hiyohiyo, maana Jumamosi mchana wameshafunga.